Usalama wa Mji kwa Macho ya Mtoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya watoto wetu na usalama wa miji hii miwili, Kitale na Bungoma.

Kila tukutanapo, sisi watu wazima husimulia habari za wezi: duka lililovunjwa, ng'ombe aliyeibwa, pikipiki iliyopotea. Mtoto ana hesabu yake nyingine. Tulipowauliza watoto wa nyumba zetu waogopa nini njiani, hawakuanza na mwizi wa duka. Walitaja uchochoro usio na taa, mlevi aketiye njia ya shule, na mwendesha pikipiki ampaye msichana safari ya bure. Wale wa Kanduyi walitaja malori yaendayo Malaba. Mengi ya hayo hayamo katika daftari la polisi, maana hakuna aliyekwenda kushtaki. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako na wale tuwaitao chokoraa. Mapigano ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilivunja nyumba nyingi na kuwatupa watoto mijini. Tumwonapo mmoja wao na chupa ya gundi, twashika mifuko yetu. Lakini naye ana hofu: huogopa usiku, huogopa wakubwa wamnyang'anyao, huogopa kipigo kwa kosa alilotenda na asilotenda. Sisi twamwogopa, naye atuogopa. Mji wa namna hiyo hauna usalama, hata kila mlango ukitiwa kufuli.

Sheria imekwisha kutangulia. Katiba ya 2010, ibara ya 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili na kutupwa. Sheria ya Watoto ya 2022 yasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai. Kabla yake umri huo ulikuwa miaka 8. Hata hivyo, sheria haimshiki mtoto mkono njiani. Kazi hiyo ni yetu.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mzazi atembee na mtoto wake mpaka shuleni, mtoto akiwa kiongozi, amwonyeshe kila mahali aogopapo. Mahali hapo paandikwe, ili kamati ipeleke ombi kwa chifu na kwa serikali ya kaunti. Pili, mwanachama asimpige mtoto wa mtaani. Ampeleke kwa afisa wa watoto. Tatu, mtoto aletapo habari ya ubaya aliotendewa, asinyamazishwe kwa ajili ya heshima ya ukoo. Iko simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo.

Hilo la tatu ndilo zito, maana pengine mkosaji ni jamaa yetu, au ni mmoja wetu tulioketi hapa. Lakini mtoto akisema mara moja asisikilizwe, hatasema tena.

Mwaka ujao, kabla ya kusoma taarifa hii, na tuwaulize watoto kama njia zao zimekuwa salama kuliko mwaka huu. Jibu lao ndilo litakalopima kazi yetu.