MAZIWA YA NG'OMBE ALIYECHOMWA SINDANO YASILETWE USHIRIKA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)



Tunayo machache, lakini mazito. Mwezi uliopita ndoo mbili za maziwa ziligoma kuganda. Tulitia mtindi kama kawaida, tukangoja, asubuhi yako vile vile. Wengine wakasema ni mkono wa mtu. Jamani, si mkono wa mtu. Ni dawa. Dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa hutoka na maziwa ya ng'ombe, nayo huua hata vile vijidudu vizuri vinavyogandisha.

Sasa tujiulize, maziwa hayo yakiingia tumboni mwa mtoto, je? Mtu ambaye mwili wake unaikataa penisilini anaweza kuvimba na kubanwa pumzi. Tena vijidudu vya maradhi vikizoea dawa kidogo kidogo, siku mtoto akiugua kweli, dawa ya zahanati haifui dafu. Wala tusidanganyane kwamba tutachemsha. Moto unaua vijidudu, lakini dawa nyingi zinabaki.

Ndiyo maana Serikali imeweka sheria. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama na Sheria ya Veterinari. Dawa za mifugo husajiliwa kama dawa za watu, na tangu 2019 mamlaka inayohusika inaitwa TMDA. Kwenye chupa huandikwa siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Ziko chupa za oksitetrasaiklini zinazosema siku 7 kwa maziwa na siku 28 kwa nyama. Nyingine zina hesabu yake. Soma chupa yako, usisome ya jirani.

Tusinyoosheane vidole. Hata sisi tunaosema hapa tulinunua dawa mnadani, chupa haina karatasi, tukamchoma ng'ombe wetu wenyewe, kesho yake tukakamua tukaleta. Ndoo moja kati ya zile mbili ilikuwa yetu. Tumeilipa.

Basi tumekubaliana hivi:

1. Dawa inunuliwe duka lenye kibali, si mnadani.
2. Kabla ya sindano, aitwe bwana mifugo.
3. Siku ya sindano iandikwe kwenye daftari la Ushirika: ng'ombe yupi, dawa gani, siku ngapi.
4. Siku hizo zisipokwisha, maziwa yasiletwe, wala yasinywewe nyumbani. Ng'ombe asichinjwe.

Tunajua hasara ya siku 7 inauma, hasa kwa mwenye ng'ombe mmoja. Lakini mnunuzi akitukataa, tumekwisha wote.

Sisi tuliosoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, tulikuwa tukiulizwa: kusoma kwa nini, na uzee huu? Jibu ndilo hili. Asiyeona herufi vizuri alete chupa, tutamsomea.