Maonyesho ni Ulimi wa Nchi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya maonyesho ambayo mataifa huyapeleka ng'ambo. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu jambo hili linaingia hata ndani ya nyumba zetu hapa Mji wa Kale.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mataifa hayangoji kizuri kijiuze. Kila taifa hukitembeza kilicho chake, ili lipendwe, lifanyiwe biashara, au liogopwe. Wala pwani yetu si mwanafunzi wa juzi katika kazi hiyo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na mnyama yule mmoja aliusemea mji wao kuliko barua nyingi.

Baadaye ulimi huo ulishikwa na wengine. Mwaka 1924 Waingereza walifungua maonyesho makubwa ya dola yao huko Wembley, London, na katika miaka miwili walifika watazamaji wapatao milioni 27. Afrika ya Mashariki nayo ilionyeshwa, lakini waliopanga walikuwa watawala. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London walilalamika kwa jinsi watu wao walivyodhihakiwa magazetini. Hapo twajifunza kwamba mwenye kupanga meza ndiye mwenye kusema, kilichopangwa hakiulizwi.

Tena itazameni Ngome yetu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon. Mwaka ule ule Wareno walikuwa wakiadhimisha miaka 500 tangu kufa kwa Henrique, mwana wa mfalme aliyewatuma mabaharia wao, nao wangali wakiitawala Msumbiji. Msaada ule ulitufaa, na kushukuru ni uungwana. Lakini ukuta mmoja waweza kusimulia ushujaa wa Wareno, au kuzingirwa kwao tangu 1696 hadi waliposhindwa mwaka 1698, au maisha ya wenyeji walioishi chini ya mizinga yake. Anayeandika kibao ndiye anayechagua.

Sasa pimeni mambo mawili ya jimbo moja la Marekani, Illinois. Mwaka 2007 kigango cha Wamijikenda, kilichoibwa na kuishia katika nyumba ya makumbusho ya jimbo hilo, kilirudi kwa wenyewe. Kigango, kama wazee wajuavyo, ni ukumbusho wa marehemu, si pambo la sebuleni. Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, chuo kikuu cha jimbo lile lile kilifungua maonyesho ya sanaa za Waswahili, yenye vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Yakaenda Washington, kisha Los Angeles, yakamalizika mwaka 2019. Kigango kilitoka kwa wizi; vitu vile vilitoka kwa hati na kwa ahadi ya kurudi. Vyote ni kazi za mikono ya pwani, na vyote vilitazamwa na wageni. Kilichotofautiana ni idhini.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, kila nyumba iandike vitu vyake vya kale, milango ya nakshi, viti vya enzi na vyombo, pamoja na habari ya kila kimoja, kabla mzee aijuaye hajatutoka. Pili, mchuuzi ajapo na fedha mkononi, akumbushwe kwamba sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Tatu, tukiombwa vitu kwa azima, tuulize: vinakwenda wapi, vinarudi lini, na nani ataandika maelezo yake?

Mataifa yataendelea kushindana kwa maonyesho, wala sisi hatutaki kujificha. Twataka tu kwamba, siku Mombasa itakaposemwa mbele ya walimwengu, wasemaji wawemo wenyewe.