Mti wa Ukame Nao Huhitaji Maji

(Hotuba kwa wakazi kabla ya mvua ya masika)



Tangu taifa litenge Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti, wengi wenu mmeuliza: kwenye ploti ndogo, penye maji ya mgao, tupande mti gani?

Mmoja wa kufikiria ni mukau. Ni mti wa asili wa nyanda kame, kama vile Kitui na Makueni. Mbao zake hustahimili mchwa, na ukitunzwa vyema huweza kuvunwa baada ya miaka 10 hadi 15. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu yenye makao makuu Muguga, hapa hapa Kiambu, imeushughulikia kwa miaka mingi.

Tatizo ni kwamba mtu akisikia mti unastahimili ukame, huupanda na kuusahau. Ustahimilivu huo huja mizizi ikishaimarika, na mche wa juzi bado hauna mizizi hiyo. Mkiupanda Aprili, kiangazi cha Juni hadi Septemba kitaukuta ungali mchanga. Mwagilieni mara mbili kwa wiki, polepole. Maji mliyooshea mboga yanafaa. Wekeni matandazo ya nyasi kavu, yasiguse shina.

Adui wa pili ni maji yanayotuama. Baadhi ya mitaa yetu ina udongo mweusi, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mukau hudhoofika mizizi ikilowa kwa muda mrefu. Chimbeni shimo la futi mbili, mlijaze maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, tafuteni mahali palipoinuka au chagueni mti mwingine.

Mbegu zake zimo ndani ya kokwa gumu na ni vigumu kuziotesha nyumbani, kwa hivyo nunueni miche kwenye kitalu. Pandeni mbali na kuta, mabomba ya majitaka na nyaya za umeme.

Mvua ya vuli ikianza Oktoba, kila boma lihesabu miche iliyo hai. Hiyo ndiyo miti tuliyopanda. Mingine tulichimba mashimo tu.