Mkono wa Moto, Mkono wa Baridi
(Hotuba fupi iliyotolewa siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nimechagua tezi ndogo iliyo mbele ya koo, iitwayo thairoidi, na jinsi inavyotawala damu ya ngozi.

Tezi hii hutoa homoni inayoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ikizidisha kazi, mwili huwa kama tanuri lililojazwa kuni. Ili joto lipate kutoka, mishipa midogo ya ngozi hutanuka, damu nyingi hupita karibu na nje, na jasho hutiririka. Ndiyo sababu viganja vya mgonjwa huwa vya moto na vyenye majimaji hata wakati wa baridi. Moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, naye hukonda ingawa anakula vizuri.

Tezi ikilegea, mambo hugeuka. Joto ni haba, basi mwili hulitunza kwa ajili ya viungo vya ndani. Mishipa ya ngozi husinyaa. Ngozi huwa baridi, kavu, na viganja hupauka. Mgonjwa huona baridi wenzake wakitoka jasho. Huchoka, husinzia, husahau.

Hapo ndipo penye hatari. Wa kwanza huambiwa amerogwa. Wa pili, akiwa mwanafunzi, huitwa mvivu na kuadhibiwa. Ndugu zangu, fimbo haiponyi tezi. Kipimo cha damu hospitalini huonyesha ukweli, na dawa ipo. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mama mmoja kwa dawa iliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi tezi iliyolegea hutibiwa kwa vidonge vya homoni hiyo, na tezi iliyozidi ina dawa zake.

Si kila mkono baridi ni ugonjwa. Hata woga hupoza mikono. Lakini baridi isiyoondoka, pamoja na uchovu na ngozi kavu, ipelekwe kwa daktari. Nyumbani, tutumie chumvi yenye madini joto, maana tezi haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini hayo.

Walimu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, mshikeni kwanza mkono.