Mbwa Aliyezaa Naye Yumo Katika Mradi

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi na kamati za sharika za Kibaha na Kisarawe)

Najua mlitegemea habari za mbuzi na kuku. Leo naomba niseme juu ya mbwa jike aliyezaa.

Katika taarifa zetu tunaandika idadi ya mbuzi, kuku na mizinga ya nyuki. Mbwa hatumwandiki. Lakini kule Kisarawe ndiye anayefukuza nguruwe pori na tumbili kwenye mihogo, na hapa Kibaha ndiye anayelinda banda la kuku usiku. Akizaa, wengi wetu tunasema atajijua mwenyewe.

Nilifika katika kaya moja ya mradi, nikamkuta mbwa mwenye watoto sita wa wiki tatu, mbavu zake zinahesabika. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Baba, huyu siku hizi hatulii, anashinda jalalani." Ilikuwa ni njaa tu. Mbwa anayenyonyesha, hasa wiki ya tatu na ya nne, huhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kile alichozoea. Ugali mtupu wa jioni hautoshi. Akienda jalalani hukutana na mbwa wasiochanjwa, akaumwa, kisha anarudi kwa watoto wake. Na siku ile wawili kati ya watoto hao walikuwa wamepakatwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Basi tufanyeje? Mpeni mahali pakavu penye kivuli, mbali na njia ya wapita njia. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu, na mbwa akiwagusa kwa mate huwapa usumbufu, tuwaheshimu. Watoto wanyonye mapema siku ile ile ya kuzaliwa, kwa maana dang'a ndiyo kinga yao ya kwanza. Mama apewe maji wakati wote, na ugali uchanganywe na dagaa au utumbo uliopikwa, mara tatu au nne kwa siku.

Mtazameni kila siku. Uchafu unaomtoka baada ya kuzaa ni wa kawaida, hata ukiendelea wiki kadhaa, mradi unapungua. Ukinuka vibaya, au akipata homa na kukataa watoto, mwiteni mtaalamu wa mifugo. Vivyo hivyo ziwa likiwa gumu, la moto na lenye maumivu. Akianza kutetemeka, kuhema sana na kutembea kwa kukakamaa, huenda madini ya chokaa yamepungua mwilini kwa sababu ya maziwa. Hapo msingoje kesho, anaweza kufa.

Minyoo nayo tusiisahau. Watoto wa mbwa huipata kwa mama tangu tumboni na katika maziwa, na mayai yake yakiwa kwenye udongo huweza kuwaingia watoto wetu. Dawa huanza wakiwa na wiki mbili, pamoja na mama yao. Msiwagawe kabla ya wiki nane. Anayeondolewa mapema mno mara nyingi huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma.

Sasa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wapo wanaoacha watoto wa mbwa nyumbani siku ya chanjo wakidhani ni wadogo mno. Shirika la Afya Duniani linashauri katika kampeni wachanjwe wote, hata walio chini ya miezi mitatu. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo naomba kila kamati iongeze safu moja katika daftari la kaya: mbwa, amezaa lini, watoto wangapi, wamekwenda kwa nani. Afisa mifugo wa kata akitangaza chanjo, tutajua milango ya kubisha hodi.