Wavu na Mshahara: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Nimetakwa niseme machache juu ya darasa letu la jioni, ambako vijana hujifunza Kiingereza cha kazini. Baadhi ya wazee wameuliza kwa nini kicheko cha darasa lile husikika hata njiani. Jawabu ni kwamba hakuna neno zito kulisema mbele ya mkubwa wa kazi kama kuomba nyongeza ya mshahara. Na ulimi ulioshikwa na hofu hufunguliwa kwa kicheko. Kwa hiyo twafundisha kwa visa.

Kisa cha kwanza ni cha kijana aliyeingia ofisini akasema, "Please raise me." Alidhani ameomba kupandishiwa mshahara, kumbe ameomba kulelewa! Mkubwa wake akamwuliza, "Kwani mama yako hakukulea?" Tangu hapo kila mwanafunzi ajua kwamba kipandishwacho ni mshahara, si mtu, naye husema, "I am asking for a rise in my pay."

Cha pili ni cha mvuvi wa Kizingitini aliyeajiriwa kwa mwezi. Alipotajiwa "net pay," akauliza atapewa wavu wa namna gani, kwani "net" aliyoijua yeye ni wavu. Tulicheka, lakini hakuwa mbali na kweli. "Gross" ni samaki wote walionaswa. Hutolewa kodi, akiba ya uzeeni na bima ya afya. "Net" ni kile kifikacho nyumbani. Basi aahidiwaye nyongeza na aulize: ni ya hesabu ipi?

Cha tatu ni cha yule aliyejibiwa, "We shall look into it." Akatoka mbio kwenda kukopa kitambaa cha kanzu. Mabwana, kuchungulia kisima si kuteka maji. Hapo yafaa kuuliza kwa adabu, "When may I expect an answer?" ili itajwe siku.

Kuomba haki si utovu wa adabu. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Tom Mboya akawashauri warejee kazini, akawasemea katika mapatano, na nyongeza ikapatikana. Kadhalika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi asiyefahamu lugha ya mkataba wake, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha amefafanuliwa kwa lugha aifahamuyo. Bandari mpya ya Lamu ilifungua gati yake ya kwanza mwezi wa Mei 2021, kijana wetu aendaye kutafuta kazi huko, au penginepo, asitie sahihi karatasi kwa kuona haya kusema, "Sijafahamu."

Wazee wangu, nawaombeni radhi kwa kelele zetu, na nawaombeni msituzuie. Afadhali kijana akosee neno mbele ya nduguze, ambako kosa ni kicheko, kuliko akosee mbele ya mkataba, ambako kosa ni mshahara wa mwaka mzima.