Sanduku la Mawe kwa Shule Zetu

Wazee wetu, ndugu wana-Kigoma popote mlipo,

Maji ya chumvi ya Uvinza yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, lakini watoto wetu hujifunza madini kwa picha tu. Tunaomba mchango wa masanduku ya mawe. Tutakusanya kwa ruhusa ya wenye machimbo, na kila kipande kitaandikwa kilikotoka. Mtoto atakwaruza kwa msumari, atadondosha siki: jiwe la chokaa litatoa povu. Jiwe la risasi kutoka Mpanda atalitambua kwa uzito. Hilo halirambwi, na mikono huoshwa. Likitushinda, tutawauliza wanajiolojia wa Dodoma. Tusingoje mgeni atutajie mawe ya kwetu.